Siga Zinazonukia Udi

Wiki jana mliniacha nimepiga magoti mbele ya karai la mama mwenye nyumba, natapika. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na malaria. Nilikuwa nimevuta siga ya kwanza maishani mwangu, na moshi wote nilikuwa nimeumeza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitasema haraka, maana aibu haipungui kwa kurefushwa. Jina langu ni Oyet. Nimekulia kambi ya polisi, Naguru, mtoto wa sajenti kutoka Kitgum. Nilipomwoa Mwanawetu, binti wa Mzee Habib anayeuza udi na viungo sokoni Kikuubo, nilisilimu nikaitwa Jibril. Siku ya ndoa Mzee Habib alinishika mkono akaniambia jambo moja tu.

"Tumbaku ilimuua kaka yangu. Usiiguse."

Nikaapa mbele ya watu.

Baadaye kampuni ya ulinzi iliyoniajiri ikafunga milango. Nikakaa miezi mitano bila kazi, na mkwe wangu akaja kumchukua binti yake akamrudisha kwao Lubaga. Nilipomletea habari kwamba nimepata kazi katika hoteli ya Luzira, alinirudishia mke, lakini kwa sharti.

"Siku nitakayojua umenidanganya," alisema, "utamwacha siku hiyo hiyo, mbele yangu."

Nikakubali sharti huku uongo wenyewe uko mdomoni. Haikuwa hoteli. Ulikuwa ukumbi mpya kando ya ziwa, wa kuvutia siga, zile sigara nene za kahawia ambazo huvutwa na watu wasio na haraka. Mwenye ukumbi, Madam Rosalba, alikuwa anatafuta mtu anayezijua. Nikamwambia nilijifunza Juba, nilipokuwa nalinda mabwana wakubwa. Msomaji, Juba nimeiona kwenye ramani.

Ujuzi wangu wote niliutoa kwenye simu. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya ukili, anakata, anawasha, anapuliza, na mimi nimejifunika shuka namtazama. Sauti niliizima ili Mwanawetu asisikie. Ndiyo maana sikusikia neno la maana kuliko yote, kwamba siga haimezwi. Moshi hukaa mdomoni, ukaonjwa, ukatolewa. Hilo nilifundishwa na karai.

Hayo ndiyo yaliyopita. Sasa sikilizeni ya wiki hii.

Alhamisi Madam Rosalba aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na kasha dogo la mbao, zuri, lenye siga ishirini.

"Kabati ya kuhifadhi bado," alisema. "Fundi ananizungusha tu. Lakini wewe, sebo, si una yako nyumbani?"

"Ninayo, Madam."

"Hizi zinataka maji maji kidogo, si ndiyo?"

"Unyevu, Madam. Zikikauka zinapasuka." Hilo nililijua, mzee wa kofia alilionyesha kwa mikono.

"Kale, sawa. Beba, lala nazo mpaka Jumamosi. Saa sita Mzee Olal anakuja. Huyo amevuta siga kabla wewe hujazaliwa. Akipenda, analeta marafiki yake wote na mimi nasimama. Akikataa, mimi nafunga hapa, na wewe unaenda kwenu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Na nilijua kwenda kwetu maana yake nini. Maana yake Mzee Habib kuuliza kazi imekwenda wapi, na mimi kutafuta uongo wa pili wa kufunika wa kwanza.

Nyumbani nilichukua kopo la plastiki la kuwekea mkate, nikaweka sponji ya kuoshea vyombo niliyoiloweka na kuikamua, nikalaza kasha juu yake, nikafunika, nikasukuma chini ya kitanda. Nilijiona fundi. Usiku huo nililala kama mtu mwenye haki.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nililivuta kopo. Sponji ilikuwepo. Kasha halikuwepo.

"Mwanawetu!"

"Abee." Alikuwa sebuleni anapiga pasi shati langu la kazi, anaimba kidogo. Mke wangu akiwa na furaha huimba bila maneno.

"Kulikuwa na kitu chini ya kitanda."

"Kasha lile? Nimelitunza." Akaiacha pasi juu ya shati, akanitazama kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Mume wangu, nani alikufundisha kuweka mali ya majani juu ya maji? Nilikuta sponji imelowa chapachapa. Sikujua ni dawa au ni kitu gani, ila kwetu dukani kitu chochote cha majani kikipata maji hufukizwa kabla hakijaota ukungu. Tena kilinuka kama zizi. Nikasema, atampelekea bosi wake kitu kama hiki?"

"Ukafanya nini?"

"Nikakifukiza. Jana kutwa, ulipotoka. Nikawasha chetezo, nikakitega juu yake kama ninavyotega nguo, kifuniko wazi, moshi ukaingia vizuri. Halafu nikakilaza kwenye sanduku langu la nguo."

"Udi gani?"

"Wa harusi yetu," alisema, kama mtu anayetoa zawadi. "Ule aliouchanganya baba. Wa kawaida ni wa wageni."

Alinifungulia sanduku. Sikuhitaji kuinama; harufu ilinipokea. Nilifungua kasha, nikatoa siga moja, nikainusa. Tumbaku ilikuwa imekwenda zake. Ilinukia kitanda chetu cha usiku wa kwanza.

Niseme ukweli wa kilichotokea. Sikumwambia asante. Nilipiga kelele. Nilimwita mjinga, neno ambalo sijawahi kumwita, nikamwambia ameniua, amenikatia riziki, amenizika mzima mzima. Alisimama akinitazama tu, mkono mmoja bado umeshika mfuniko wa sanduku.

"Kwani ni nini hivyo?" akauliza.

"Ni tumbaku!" nilipayuka. "Ni siga! Hakuna hoteli! Kazi yangu ni siga!"

Neno likishatoka halirudi. Nikasikia pasi inavyounguza shati kule sebuleni. Mwanawetu hakwenda kuiondoa.

"Ulimwapia baba yangu," alisema.

"Mwanawetu..."

"Na mimi umeniangalia machoni kila siku." Akachukua baibui lake nyuma ya mlango. "Naenda Lubaga. Usinifuate."

Alitoka. Nilisikia bodaboda ikiwaka pale barabarani. Hapo nilikuwa na njia mbili: kumkimbilia mke wangu, au kubeba kasha niende Luzira.

Nilikwenda Luzira. Nimeandika hivyo bila kujitetea, mnihukumu mnavyotaka. Nilijiambia kwamba nikiipoteza kazi nimempoteza pia Mwanawetu, na nikiipata nitakuwa na kitu cha kumrudia nacho. Mwongo akishazoea kudanganya wengine, hujidanganya mwenyewe bila jasho.

Njiani nilifungua kifuniko ili upepo uondoe harufu. Mwenye pikipiki akageuza kichwa.

"Sebo, unaenda harusi?"

"Endesha," nikamwambia.

Saa sita kamili Mzee Olal aliketi kwenye kiti cha ngozi, ziwa nyuma yake. Ni mzee wa jeshi aliyestaafu, mrefu, mkavu, anayezungumza polepole kwa sababu hajawahi kukatizwa. Madam Rosalba alikaa pembeni, amefunga mikono mapajani. Mimi nilisimama na kasha kama mtu aliyeleta maiti.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Oyet, afande."

"Mtoto ya wapi?"

"Naguru, afande. Baba alikuwa polisi."

"Mtoto ya polisi anajua siga?" Akacheka kidogo bila kufungua mdomo. "Sawa. Kaa hapo. Chukua moja, mimi moja. Tunavuta pamoja. Mtu anayeuza kitu anakula kwanza."

Hilo halikuwa kwenye simu. Nilikaa.

Alichukua siga yake, akaizungusha kando ya sikio, akaibonyeza taratibu kwa vidole viwili. Kisha akaipitisha chini ya pua. Mkono ukasimama. Akanitazama. Akainusa tena.

Laiti angesema kitu.

Akakata kichwa cha siga, kipande chembamba kama kucha. Mimi nikakata cha yangu. Kisu kikaingia mbali, na jani la nje likaanza kufunguka kama bandeji. Nikalibana kwa kidole, nikijifanya ndivyo inavyoshikwa. Mzee Olal aliona. Akawasha yake kwa kiberiti kirefu, bila kuigusisha moto, akiigeuza geuza mpaka ncha yake yote ikawa nyekundu. Mimi nikaitumbukiza yangu ndani ya moto.

"Unachoma mahindi?" akauliza.

Madam Rosalba alinikazia macho. Nikavuta, nikakumbuka karai, nikauzuia moshi mdomoni. Mzee akavuta. Moshi ukapanda juu yetu, na ukumbi mzima ukanukia udi. Akavuta tena, akafumba macho. Nilihesabu pumzi zangu. Nilifika kumi na saba.

"Rosalba," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hii siga imeharibika."

Madam alishusha kichwa. Mimi nilitazama mlango.

"Imeharibika kabisa," aliendelea, bila kuitoa mkononi. "Mtu ya siga akionja hii anaweza kulia. Tumbaku yenyewe haiko tena." Akavuta mara ya tatu, akauachia moshi taratibu. "Lakini zile zingine usiuzie mtu. Nabeba zote. Na wiki kesho nataka zingine, namna hii hii."

Madam aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka kisimani. "Mzee amependa?"

"Mimi navuta siga miaka arobaini. Hii sijaonja. Kijana, nani aliweka hii harufu?"

Nafasi ilikuwa hapo, tamu, imewekwa mezani. Na ulimi wangu ulikuwa umeshazoea njia.

"Mimi, afande."

"Vizuri. Ni udi ya aina gani?"

"Ni udi... mzuri, afande."

"Uliweka juu ya moto au kando?"

"Juu. Kando. Juu kidogo."

"Dakika ngapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye zulia la Madam Rosalba. Mzee Olal alinisubiri bila hasira, na kule kusubiri kulinishinda.

"Si mimi," nilisema. "Ni mke wangu. Alidhani zimelowa, akataka kuziokoa. Mimi sijui siga, afande. Mnaona nilivyoikata. Hata Juba sijafika."

"Nini?" Madam Rosalba alisimama. "Wewe si uliniambia umefanya miaka miwili?"

"Niliangalia kwenye simu, Madam."

"Kumbe niliajiri simu!" Akanisogelea mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake. "Sasa sikiliza, Oyet. Wewe kazi imeisha leo. Lakini huyo bibi yako nataka nimuone. Hii kazi ni yake kama anataka. Mpigie simu, aje."

Nilitoa simu. Sikujua nimpigie nimwambie nini. Nimeipoteza kazi iliyokuletea aibu, njoo uichukue wewe? Nilikuwa bado natazama jina lake kwenye kioo askari wa getini alipoingia, kofia mkononi.

"Madam, kuna muzee ya kanzu iko nje, na bibi moja. Wanatafuta Jibril."

"Hapa hakuna Jibril," alisema Madam.

"Ni mimi," nikasema.

Jina la mahali nilikuwa nimemtajia Mwanawetu mwenyewe. Lilikuwa neno pekee la kweli nililomwambia kuhusu kazi hiyo.

Mzee Habib aliingia kwanza. Ni mtu mfupi, safi, kofia yake ya vito haijawahi kukaa upande. Hakumsalimia mtu. Alisimama katikati ya ukumbi, akavuta hewa puani, na nikaona uso wake ukibadilika. Mtu aliyeuchanganya udi ule kwa mikono yake, usiku kucha, kwa ajili ya mwanawe mmoja, aliusikia ukitoka kwenye midomo ya wanaume.

"Ndiyo hoteli yenyewe hii?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Vitanda viko wapi?"

Nyuma yake Mwanawetu alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba. Alimtazama Mzee Olal, akatazama siga mkononi mwake, akatazama kasha. Akaelewa yote bila kuelezwa.

Madam Rosalba, ambaye biashara kwake haina msiba, akampita mkwe wangu akamwendea Mwanawetu. "Nyabo, ni wewe uliyeweka udi?"

"Ni mimi."

"Unaweza kufanya tena? Kila wiki? Nakupa chumba chako hapa nyuma, hakuna mtu atakusumbua."

"Binti yangu hauzi moshi," alisema Mzee Habib. Hakupandisha sauti. "Na hatukuja kutafuta kazi. Tumekuja kwa jambo moja, na huyu kijana analijua. Jibril, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nikikudanganya..."

"Maliza."

"Nimwache siku hiyo hiyo, mbele yako."

"Basi mimi niko mbele yako."

Mzee Olal aliiweka siga yake kwenye kisahani, akageuza uso kuelekea ziwani, kama anavyofanya mtu mwenye adabu akikuta nyumba ya watu inabomoka. Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka kumwambia Mwanawetu kwamba neno mjinga lilikuwa langu mimi, si lake. Kabla sijapata sauti, yeye akapata yake.

"Madam," alisema. "Kazi inaanza lini?"

"Mwanawetu!" Mzee Habib aligeuka.

"Baba, sitavuta. Nitafukiza tu, kazi uliyonifundisha wewe." Hakuishusha sauti. "Miezi yote ile nimekaa chumbani kwako nikingoja mwanamume apate kazi ndipo nirudi kwangu. Leo kazi imeniita mimi. Nisijibu?"

"Baba yako mkubwa alikufa kwa kitu hiki."

"Najua, baba. Nilimfulia nguo zake." Akapangusa macho kwa upande wa mtandio. "Nimekwisha kujibu. Sirudi nyuma."

Nilimwona Mzee Habib anazeeka pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimhurumia. Kisha akanigeukia mimi, si binti yake.

"Huyu ni mke wa mtu," alisema. "Si wangu tena kumwamuru. Jibril, ukimpa ruhusa aifanye kazi hii, basi Lubaga msikanyage. Wewe, yeye, wala mtoto mtakayemzaa. Nikifa msije kunizika. Usipompa, timiza sharti ulilolikubali, mwache sasa hivi, nimchukue twende. Mashahidi ni hawa."

"Baba!" Mwanawetu alilia.

"Nimemuuliza yeye."

Macho manne yalinigeukia, na ya Madam Rosalba pia. Nikimpa ruhusa, namnyang'anya baba yake. Nikimnyima, namnyang'anya kazi na najinyang'anya mke. Mwanawetu alinitazama bila kuniomba chochote.

"Sema lolote," aliniambia taratibu. "Ila lisiwe la uongo."

Mikono haikujua pa kwenda. Ile siga yangu iliyofunguka jani ilikuwa bado vidoleni, na kwa woga tu, mbele ya mkwe wangu, mbele ya kiapo changu, niliipeleka mdomoni nikaivuta. Nilitambua nilichofanya moshi ukiwa umekwisha kujaa. Mzee Habib alisogea hatua moja karibu yangu, akakunja mikono ya kanzu yake.

"Nakusikiliza," alisema.

Nikafungua mdomo nimjibu, na kilichotoka kwanza ni moshi.